Córdoba, Granada, Sevilla: maswali yenu ya wiki hii

Tangu nigusie Andalusia, kule kusini mwa Hispania walikotawala Waislamu zamani, maswali yamekuwa mengi, kwa hiyo leo nayajibu yale yanayojirudia.

Ule msikiti wa Córdoba, mbona una kanisa katikati? Walikosa kiwanja?

Kiwanja kilikuwepo. Ferdinand III, mfalme Mkristo, aliuteka mji 1236 na msikiti ukafanywa kanisa, ila jengo lenyewe likaachwa karibu kama lilivyo kwa miaka karibu 300. Balaa lilianza 1523, askofu akataka kanisa refu la kisasa humo humo ndani, halmashauri ya mji ikagoma mpaka ikatishia kuwaua mafundi watakaogusa jengo, kesi ikafika kwa mfalme Charles V na mfalme akampa askofu ruhusa. Likaisha 1607, na mimi naona halmashauri ndio walikuwa sahihi.

Ukiingia usikimbilie kanisa, tazama nguzo kwanza. Ziko zaidi ya 850, na zile za sehemu ya zamani, ile ya mtawala Abd al-Rahman I ya miaka ya 780, nyingi zilichukuliwa kwenye magofu ya Warumi na Wavisigothi, waliotawala kabla ya Waislamu, ndo maana vichwa vyake havifanani. Zilikuwa fupi, sasa ili dari liende juu wakapandisha tao juu ya tao, tofali jekundu, jiwe jeupe, tofali, jiwe. Halafu nenda upande alioongeza waziri al-Mansur baadaye, huko ni mawe matupu na wekundu wake ni rangi tu imepakwa!

Naweza kuswali humo?

Hapana. Jengo liko chini ya Kanisa Katoliki na Waislamu hawaruhusiwi kuswali, walinzi wapo. Ila mihrabu ya khalifa al-Hakam II iangalie kwa kutulia, ile mozaiki ya dhahabu fundi wake aliletwa kutoka Konstantinopoli.

Nimesikia Sevilla kuna mfalme Mkristo aliyeandikisha Kiarabu kwenye ikulu yake, ni kweli au stori za maguide?

Kweli kabisa. Ni Pedro I, ikulu ya Alcázar, 1364. Simama mbele ya lango uangalie juu: kuna vigae vya bluu na nyeupe vinarudia "hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu", kauli mbiu ya masultani wa Granada, na maandishi ya Kihispania yanayomtukuza Pedro yamevizunguka pande zote. Pedro alikuwa rafiki wa Muhammad V wa Granada, alimsaidia kurudi kwenye kiti 1362, na mafundi wengine walitoka huko huko Granada. Ndo maana hii habari ya kugawa majengo haya ya Waislamu, yale ya Wakristo, mimi hainiingii akilini, maana tajiri alibadilika lakini fundi alikuwa yule yule. Hata sinagogi la Santa María la Blanca kule Toledo lina matao ya msikiti.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa, aliiona Alhambra, ikulu ya masultani wa Granada?

Kilwa alifika 1331, Granada kama 1350, lakini sultani Yusuf I alikuwa mgonjwa hawakuonana, mama yake sultani ndo akamtumia dinari za dhahabu. Na ule ua wa Alhambra wenye simba 12 wa mawe mnaoupenda kwenye picha ulikuwa bado, umejengwa na Muhammad V, mtoto wa huyo Yusuf. Ila Granada ndiko alikokutana na Ibn Juzayy, aliyekuja kumwandikia safari zake, Kilwa yetu ikiwemo.

Goti langu bovu, mnara wa Giralda kule Sevilla nitauweza?

Jaribu. Ni njia za mteremko badala ya ngazi, 35 kwa jumla, inasemekana ili muadhini apande na mnyama. Ngazi ni chache kule mwishoni.

Tiketi za Alhambra nakata mlangoni?

Thubutu! Kata mapema mtandaoni, jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na saa ya kuingia majumba ya Wanasri (ndio hao masultani wa Granada) imeandikwa kwenye tiketi, ukichelewa hapo hawakuingizi hata ulie.