Maswali Yenu: Hema Kando ya Ziwa Naivasha

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu Naivasha. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Tunakwenda watu wanne, wawili ni watoto wa miaka 7 na 10. Wanataka hema liwe ufukweni kabisa ili wakiamka waone ziwa. Ni salama? – Baba wa Thika

Ufukweni kabisa, hapana. Giza likianza kuingia viboko hutoka majini kwenda kula majani, na hurudi kabla hakujapambazuka. Hawachukii hema. Wanachochukia ni mtu kusimama kati yao na maji, na mtoto anayetoka kwenda msalani saa tisa za usiku anaweza kujikuta amesimama papo hapo.

Kwa hiyo chagua kambi yenye uzio wa umeme upande wa ziwa, na hema liwe ndani ya uzio huo. Ukifika, muulize mlinzi uzio huwashwa saa ngapi, na umeme ukikatika kuna betri au hakuna. Kisha tembea mwenyewe kabla jua halijazama. Nyasi fupi zilizo sawa kama zimekatwa kwa mashine ni malisho yao. Kinyesi kilichorushwa vichakani ni chao pia, maana kiboko hukitawanya kwa mkia. Njia yao ni rahisi kuitambua: mifereji miwili sambamba, katikati kuna tuta, kwa sababu miguu ya kushoto na ya kulia hukanyaga mbalimbali. Ukiona njia hiyo inapita ndani ya kambi, hama kambi.

Tazama na juu. Migunga ile yenye gome la manjano ina kivuli kizuri, lakini tawi kavu halitoi taarifa. Na usiamini picha za zamani: tangu 2020 ziwa limepanda na kumeza viwanja vingi, miti ikabaki imekufa imesimama majini. Omba picha iliyopigwa wiki hii.

Tulilala huko Julai. Mvua haikunyesha hata tone, lakini asubuhi hema lilikuwa likidondosha maji ndani. Niliuziwa hema bovu? – Msomaji, Nakuru

Hema lako ni zima. Maji yale mliyatoa nyinyi wenyewe. Mtu mzima akilala hutoa kwa pumzi na ngozi karibu kikombe kizima cha chai. Naivasha iko mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linachoma, lakini usiku wa Julai baridi inashuka sana. Kitambaa cha hema kinapoa, mvuke wa pumzi unakigusa na kugeuka matone. Mkiwa watatu, hivyo ni vikombe vitatu ukutani.

Kosa la kawaida ni kufunga kila tundu ili kuzuia baridi. Fungua vidirisha vya juu, acha chandarua tu. Kaza kifuniko cha mvua kisigusane na hema la ndani. Vitambaa viwili vikishikana, maji hupenya pale pale. Viatu na taulo mbichi viache barazani, chini ya kifuniko.

Hapa kuna jambo la vigingi. Udongo wa huko ni jivu la volkano, mwepesi, na alasiri upepo wa ziwani huvuma. Kigingi chembamba cha waya kinachokuja na hema hung'oka kama sindano kwenye unga. Tumia vipana vya sentimita 25 au zaidi, vipigilie vikiwa vimeinama ili kichwa kielekee mbali na hema, kisha weka jiwe juu. Kigingi kikilegea, kifuniko nacho kinalegea, na usiku mnaloa tena.

Baridi ikizidi, naweza kuingiza ndani ya hema jiko la mkaa lililobaki na makaa machache, nikaacha zipu wazi kidogo? – Dada wa Kisumu

Usithubutu. Makaa yasiyo na moshi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Unasinzia na huamki. Zipu iliyo wazi kidogo haitoshi.

Baridi nyingi hutoka chini. Godoro la kujaza hewa ni baridi, maana hewa ya ndani huzunguka na kupeleka joto lako ardhini. Sponji ya sentimita 5 inashinda. Ukiwa na la hewa tu, tandika blanketi juu yake kabla ya kulala, si kujifunika tu. Jaza maji moto kwenye chupa ngumu, ifunge vizuri, ivalishe soksi, iweke miguuni.

Maharage yalikataa kuiva na gesi ikaisha. Meko ya kilo 6 haitoshi usiku mbili? – Kundi la vijana, Ruiru

Inatosha na kubaki, ila mlipikia upepo. Kwa kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo maharage huchelewa hata ukiongeza moto. Chemsheni nyumbani, mbebe yakiwa yameiva. Kinga upepo kwa kuweka meko nyuma ya gari au ukuta. Msizungushie mtungi bati, utapata joto kupita kiasi. Vyakula vifungieni garini. Tumbili hufungua zipu, na mkate ndio anaoujua zaidi.

Mke wangu hataki kulala chini. Tunafikiria yale mahema ya kifahari, glampingi. Tuulize nini kabla ya kulipa? – Bwana wa Mombasa

Ulizeni kama sakafu imeinuliwa kwa mbao, choo kiko ndani au nje, maji moto yanapatikana saa ngapi (kwingi huchemshwa kwa kuni, jioni na asubuhi tu), na umeme wa sola huzimwa saa ngapi. Blanketi ngapi kwa kitanda? Mtu wa Pwani aombe la ziada siku ya kulipia, si saa nne usiku. Amana ilipwe kwa namba ya biashara yenye jina la kambi. Mkiambiwa mtume kwa namba ya mtu binafsi, tafuteni pengine.

Tuna siku moja: Mlima Longonot au mbuga ya Hell's Gate na watoto? – Baba wa Thika, tena

Kwa wa miaka 7, Hell's Gate, kwa baiskeli. Njia ni tambarare na pundamilia wako karibu. Kwenye korongo la mbuga hiyo msiingie wingu likionekana hata kwenye vilima vya mbali: Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba mle, maji yakitoka juu.

Longonot haina maji njiani. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, ni kilomita 3 hivi za kupanda; kuuzunguka ukingo ni 7 nyingine, na kilele kiko mita 2,776. Wa miaka 10 anaweza kufika ukingoni na kurudi. Bebeni lita 3 kwa kila mtu mzima, anzeni kabla ya saa mbili asubuhi, na vaeni viatu vyenye meno: wakati wa kushuka, lile jivu huteleza kuliko tope. Malipo ya mbuga ni ya mtandaoni, kwa hiyo lipieni mapema simu ikiwa na chaji.