Shahada haikupi ruhusa ya kujaribu dawa kwa wagonjwa

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni afisa tabibu kwenye kituo cha afya wilayani Masasi. Nina stashahada ya utabibu, GPA 3.4, na miaka sita kazini. Mwaka jana nilipata cheti cha GCP, yaani kanuni za utendaji bora katika majaribio ya kitabibu, kwa kusoma mtandaoni. Sasa nimeona tangazo la shahada ya uzamili ya utafiti wa kitabibu: miezi sita tu, hakuna tasnifu, na uzoefu wa kazi unachukua nafasi ya shahada ya kwanza. Nia yangu ni kuifanyia utafiti dawa ya mizizi ambayo marehemu babu yangu aliwatibia watu sukari. Wagonjwa ninao, na wengi wameshaniambia wako tayari. Je, kozi hiyo inafaa, na nikimaliza naruhusiwa kuanza?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kozi hiyo achana nayo. Na hata ungesoma ile halali ukaimaliza kwa alama za juu, bado usingeruhusiwa kuanza. Hilo la pili ndilo linalonifanya nikujibu kwa urefu, kwa sababu maswali kama lako nayapata kila mara, kutoka Newala, Nachingwea, Kilwa, kote huku kwetu kusini, na karibu wote wanaouliza wanaamini kwamba shahada ni kibali.

La sifa za kuingilia nalimaliza haraka. Katika mfumo wetu wa elimu, stashahada iko ngazi ya 6, shahada ya kwanza ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9. Uzoefu wa kazi unayapa uzito maombi yako, lakini haukurushi ngazi. Vyuo vyetu kwa kawaida vinataka shahada ya kwanza ya fani ya afya yenye GPA isiyopungua 2.7; kwa waliosoma udaktari, ambao shahada yao haina madaraja, huangaliwa kama wamepata B kwenda juu kwenye masomo yanayohusika. Aliyesoma nje anahitaji pia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, iitambue shahada yake. Na usidanganyike na jina la stashahada ya uzamili ukadhani imewekwa kwa ajili ya wenye stashahada: nayo inadai shahada ya kwanza. Kwako wewe njia iliyo wazi zaidi ni udaktari wa tiba. GPA yako inavuka 3.0 inayotakiwa kwa mwenye stashahada ya utabibu, ila watarudi kukagua matokeo yako ya kidato cha nne, hasa baiolojia, kemia, fizikia, hisabati na Kiingereza. Kitabu cha mwongozo cha TCU hutoka kila mwaka, na vigezo hubadilika. Soma cha mwaka unaoomba, usisome cha jirani yako aliyeomba zamani.

Kuhusu miezi sita, chukua kalamu. Uzamili hapa nchini una krediti zisizopungua 180, na kila krediti moja ni kama saa 10 za kusoma, kuhudhuria na kuandika. Hizo ni saa 1,800. Zigawe kwa wiki 26 utapata saa 69 kwa wiki, na wewe una zamu za usiku. Ndiyo maana programu za kawaida huchukua miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni madarasa: takwimu za tiba, epidemiolojia, usanifu wa majaribio, maadili, usimamizi wa data, na namna ya kuandika na kuhakiki makala ya kisayansi. Mwaka wa pili ni pendekezo la utafiti, kibali cha maadili, kukusanya data, tasnifu na kuitetea mbele ya watahini. Hata wanaosoma wakiwa nyumbani hawakimbizwi. London School of Hygiene & Tropical Medicine ina uzamili wa majaribio ya kitabibu unaosomwa kwa masafa, na mtu hupewa miaka miwili mpaka mitano kuumaliza.

Anayekuambia hakuna tasnifu amekuondolea kitu chenyewe ulichokwenda kukisomea. Darasani kila mtu anajua kwamba mshiriki lazima afuatiliwe. Ni kwenye tasnifu ndipo mwanafunzi anagundua kwamba ratiba yake ya ufuatiliaji imeangukia Oktoba na Novemba, na nusu ya washiriki wamehamia mashambani kuokota korosho, nyumba zimefungwa, na simu hazishiki mtandao. Afanye nini na data zao? Awaondoe? Awahesabu kuwa wamepona? Kila jibu linabadilisha matokeo, na msimamizi wake atambana mpaka aeleze kwa nini alichagua hilo. Hakuna video inayokufundisha hivyo.

Sasa tuje kwenye cheti chako cha GCP. Sikidharau, umefanya vizuri kukipata. Lakini kinathibitisha jambo moja tu: kwamba umezisoma kanuni za utendaji bora katika majaribio ya kitabibu ukajibu maswali yake. Anakuwa nacho muuguzi wa utafiti, mfamasia, mtu wa maabara, mpaka anayeingiza data. The Global Health Network wanaitoa kozi hiyo bure mtandaoni. Kwa hiyo ukimwona mtu anakutoza fedha nyingi akakuahidi kwamba cheti hicho kitakufanya mtafiti, jua anakuuzia maji ya mvua. Tena cheti chenyewe kinachakaa, kwa kuwa kanuni zinarekebishwa, na toleo jipya lilipitishwa Januari 2025. Tafiti nyingi hutaka uwe umekisoma upya ndani ya miaka miwili au mitatu.

Na hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Kibali cha utafiti hapewi mtu. Inapewa itifaki, yaani andiko lile linaloeleza hatua kwa hatua nani atapewa nini, kiasi gani, kwa muda gani, nani atalinganishwa na nani, na madhara yakitokea nini kitafanyika. Profesa aliyesimamia majaribio kumi akitaka kufanya la kumi na moja anaanza upya kama wewe. Anapeleka andiko NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kwenye Kamati ya Kitaifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya. Kwa kuwa ni jaribio la dawa kwa binadamu, anapeleka pia TMDA, mamlaka inayodhibiti dawa na vifaa tiba. Hapo ataulizwa bima ya washiriki, ataulizwa jaribio limesajiliwa wapi, ataulizwa nani asiyehusika na timu yake atakayekuwa akiangalia usalama.

Jaribu kuijaza itifaki ya mizizi ya babu yako uone. Ni mti gani hasa, kwa jina la kisayansi? Mizizi iliyochimbwa masika ina nguvu sawa na ya kiangazi? Kikombe kimoja kina miligramu ngapi za kitu gani? Figo na ini vinaathirika? Wanyama wa maabara walipewa, wakafanyaje? Mgonjwa ataendelea na metformini, kidonge chake cha sukari, au ataacha? Ukikosa majibu hayo huwezi kumpa hata mtu mmoja, awe tayari au asiwe tayari.

Neno lako la "wako tayari" limenisumbua kuliko mengine yote. Mama aliyekuja kwako na kidonda cha mguu kisichopona, anayekuita daktari, ambaye kesho atahitaji umwandikie rufaa ya kwenda Ndanda au Ligula, atakuambia hapana kwa ujasiri gani? Utayari wa namna hiyo si ridhaa. Ridhaa inatolewa baada ya mtu kuelezwa kwa Kiswahili anachokielewa kwamba hii si tiba, ni jaribio, kwamba huenda isimsaidie, kwamba anaweza kujitoa siku yoyote na huduma yake ya kawaida isiguswe. Asiyejua kusoma anasomewa fomu yote mbele ya shahidi asiye mmoja wa watafiti. Anaweka dole gumba, na shahidi anaweka sahihi na tarehe kwa mkono wake mwenyewe. Nimewahi kukagua mafaili ambayo shahidi wa fomu zote alikuwa ni huyohuyo anayegawa dawa. Mafaili ya namna hiyo hayafai, hata kama dawa ilifanya kazi.

Na hatari zenyewe si za kufikirika. Sema mizizi hiyo kweli inashusha sukari. Mgonjwa wako anatumia glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, ameongeza kikombe chako asubuhi, yuko shambani hajala, au ni Ramadhani naye amefunga bila kukuambia. Sukari inashuka kupita kiasi, anatoka jasho, anachanganyikiwa, anaanguka. Walio naye watadhani ni malaria imempanda kichwani. Sasa sema mizizi haishushi chochote, naye ameacha vidonge vya hospitali kwa sababu umemwambia unafanya utafiti. Huyu atarudi kwako baada ya miezi akiwa haoni vizuri. Mwaka 2011 watu walipanga foleni Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na wapo walioacha ARV baada ya kunywa. Hakuna aliyekuwa amewahi kuwalinganisha waliokunywa na wasiokunywa.

Kulinganisha ndiyo roho ya fani hii, na ndiyo inayokanyagwa na kila anayeuza chupa stendi akisema "imefanyiwa utafiti". Ukimwuliza utafiti gani, atakuonyesha daftari: huyu alikuja na sukari 19, baada ya wiki mbili ikawa 12. Ndugu yangu, sukari hupanda na kushuka. Mtu hutafuta dawa siku aliyozidiwa, yaani siku kipimo kiko juu kabisa, na ukimpima siku nyingine yoyote kuna uwezekano mkubwa kikawa chini, hata ukimpa maji ya kisima. Ongeza kwamba aliposhtuka alipunguza chai ya sukari na ubwabwa. Daftari la "kabla na baada" lisilo na kundi la kulinganisha litaipa sifa dawa yoyote duniani. Nimeona maafisa wenzetu, watu wenye akili nzuri, wakibeba madaftari hayo kwa imani kabisa, na nimeona watu wa mjini wakiyanunua ili wapate la kuandika kwenye lebo.

Angalia kazi iliyofanyika huku huku kwetu. Katikati ya miaka ya 2000 Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao walitaka kujua kama kuwapa watoto wachanga dozi ya SP, dawa ya malaria, wanapokuja kwenye chanjo kunawakinga dhidi ya malaria katika huduma za kawaida. Walichukua wilaya tano: Newala, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa na Lindi Vijijini. Hawakumchagua mtoto huyu wakamwacha yule. Walipiga kura kwa tarafa: tarafa 24, nusu zikaanza kupata mpango huo na nusu zikabaki za kulinganishia. Kura ikipigwa kwa tarafa, hesabu zako nazo lazima zikumbuke kwamba watoto wa tarafa moja wanafanana, wanaumwa na mbu walewale na wanatibiwa zahanati zilezile. Ukiwahesabu kama watu wasiohusiana utajidanganya kwamba una ushahidi mwingi kuliko ulio nao. Mambo kama hayo ndiyo yanayojaza muhula mzima kwenye uzamili halali. Kwenye tangazo lako hayamo.

Usinielewe kwamba naidharau dawa ya mzee. Artemisinini ilitoka kwenye mmea wa tiba asili ya China. Tu Youyou na wenzake waliipata mwaka 1972 baada ya kupekua maandiko ya kale na kubadili namna ya kuchuja, na mwaka 2015 akapewa Nobel. Dawa ya mseto unayogawa leo kituoni ina asili hiyo, na nchi yetu haikuanza kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria mpaka mwishoni mwa 2006. Kati ya mmea na kidonge kulikuwa na maabara, wanyama, watu wachache wenye afya, kisha wagonjwa wengi waliogawanywa kwa kura.

Kwa hiyo andika kila unachokumbuka: babu alichimba wapi, mwezi gani, alichemsha kwa muda gani, alimkataza nani asinywe. Chukua tawi lenye majani na maua, likaushe kwenye gazeti, ulipeleke Taasisi ya Tiba Asili ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam, au kitengo cha tiba asili cha NIMR kule Mabibo. Jina la familia yenu liandikwe mapema kwenye makubaliano. Wao ndio wenye maabara. Wewe omba udaktari, na wakati unasubiri, timu ya utafiti wa kweli ikifika mkoani omba kazi humo, hata ya kusajili washiriki.

Huyo wa tangazo usimpe namba ya kitambulisho wala hela ya fomu. Tafuta jina la chuo na la programu kwenye orodha ya TCU. Kama halimo, hata cheti kikichapwa kwa dhahabu mwajiri hatakipokea. Na ukiambiwa kuna mtu wa kukuandikia tasnifu, kumbuka kwamba siku moja kutakuwa na mgonjwa ameanguka kwenye jaribio, na atakayeulizwa dozi ilikokotolewaje ni wewe.

La mwisho, na hili usilisubirishe. Hukusema kama umeshawapa baadhi yao. Kama umewapa, waite wiki hii. Wapime sukari, waambie wasiache vidonge vyao, andika kwenye kadi zao walichokunywa na tangu lini, na aliyepata madhara yoyote mjazie fomu ya njano ya TMDA.