Barua kwa mwanangu: filamu saba za Andrei Tarkovsky

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, na tunakuombea heri katika kazi yako ya kuhariri video. Katika ujumbe wako umeniuliza jambo ambalo unasema limekukosesha raha tangu ulipoanza kuwasoma waongozaji wakubwa wa filamu: iweje Andrei Tarkovsky, Mrusi anayetajwa kila panapozungumzwa sinema, awe ameacha filamu ndefu saba tu katika miaka 24, na je, ni serikali ya Kisovieti iliyomnyima nafasi au ni ukaidi wake mwenyewe? Filamu hizo nimezitazama zote, nyingine kwa kurudia, na suala hili nalipenda mno, kwa hiyo univumilie nikikujibu kwa kirefu.

Naamini kwamba serikali ilimnyang'anya miaka, lakini haikufaulu kumnyang'anya filamu. Uchache wake kwa sehemu kubwa ni kazi ya maofisa wa Moscow, ilhali jinsi kila filamu ilivyo, pamoja na ule mwendo wa taratibu unaowachosha watazamaji wengi, ni uamuzi wake yeye. Watu huyachanganya mambo haya mawili, wakadhani kwamba angeachiwa huru angetengeneza filamu thelathini za haraka. Sidhani hivyo hata kidogo.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1932 katika kijiji cha Zavrazhye, kandokando ya mto Volga. Baba yake, Arseny, alikuwa mshairi na mfasiri wa mashairi. Aliiacha familia mwaka 1937, baadaye akaenda vitani na kurudi akiwa amepoteza mguu. Mama yake, Maria Vishnyakova, alibaki na watoto wawili, akawalea kwa mshahara wa msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji mjini Moscow. Kijana alianza kusoma Kiarabu, akaacha, akapelekwa na msafara wa wanajiolojia katika misitu ya Siberia, na aliporudi akajiunga na VGIK, chuo cha taifa cha filamu, mwaka 1954, katika darasa la mwongozaji Mikhail Romm. Chuo hicho hicho ndicho kilichowafunza baadaye waongozaji Souleymane Cissé wa Mali na Abderrahmane Sissako wa Mauritania, kwa hiyo usidhani kwamba habari hizi ziko mbali sana na sinema ya Afrika.

Filamu yake ndefu ya kwanza, "Utoto wa Ivan", aliirithi. Mwongozaji mwingine alikuwa ameshindwa, kazi ikasimamishwa, naye Tarkovsky akapewa fedha zilizobaki na muda mfupi wa kuianza upya. Mwaka 1962 filamu hiyo ilishinda Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice, ikigawana tuzo na filamu ya Kiitaliano. Alikuwa na umri wa miaka 30. Mtu angetazamia kwamba baada ya ushindi kama huo milango yote ingefunguka.

Haikufunguka, na hapa lazima ujue mambo yalivyokwenda. Katika nchi ile hapakuwa na mfadhili mwingine isipokuwa dola. Mswada ulipita kwanza studioni, kwa upande wake Mosfilm, kisha ukaenda Goskino, kamati ya taifa ya filamu. Filamu ikishamalizika ilirudi tena kwa watu wale wale, ambao wangeweza kudai vipande viondolewe, na hata ikikubaliwa ilipangiwa daraja, ambalo ndilo lililoamua nakala zitakuwa ngapi na zitaonyeshwa wapi. Kwa hiyo filamu haikuhitaji kupigwa marufuku ili ifichwe. Ilitosha ipangiwe daraja la chini. "Andrei Rublev", inayomhusu mchoraji wa picha takatifu wa karne ya 15, ilikamilika mwaka 1966 na kuwekwa kabatini. Walisema ni ndefu, ni katili, na inaionyesha historia ya Urusi kwa giza. Mwaka 1969 ilionyeshwa Cannes, tamasha la filamu la Ufaransa, nje ya mashindano, siku ya mwisho, saa kumi alfajiri, na bado ikapata tuzo ya wahakiki wa kimataifa. Raia wa Kisovieti waliiona kwenye majumba ya sinema mwishoni mwa 1971. Hesabu mwenyewe: miaka mitano ya mtu aliyekuwa katika ubora wa nguvu zake.

Hata hivyo, usimwone kama mtu aliyekataa kila shauri. "Andrei Rublev" aliipunguza kwa takriban dakika ishirini, na alisema kwamba toleo lililopunguzwa ndilo alilolipenda. Alichokataa ni kukata kwa sababu ambazo hazikuwa za filamu yenyewe. Wewe mhariri utaitambua tofauti hiyo kuliko mimi.

"Solaris" ya mwaka 1972 nitaipita, ingawa ilipata tuzo maalumu ya majaji huko Cannes, kwa kuwa hamu yangu ni kufika kwenye "Kioo", ya mwaka 1975. Hii ndiyo filamu yake ninayoipenda kuliko zote. Ni kumbukumbu za mwanaume ambaye hatumwoni sura akiwa mtu mzima, anayemfikiria mama yake, na mwigizaji mmoja, Margarita Terekhova, anaigiza mama huyo enzi za ujana wake na pia mke wa msimulizi. Mashairi yanayosikika yanasomwa na Arseny mwenyewe, yule baba aliyeondoka. Na mama aliyezeeka ni Maria Vishnyakova, mama mzazi wa mwongozaji, akiwa mbele ya kamera ya mwanawe. Tarkovsky aliijenga upya nyumba ya utotoni, na kwa kuwa alikumbuka kwamba mbele yake palikuwa na shamba lililochanua maua meupe, alitaka nafaka ile ambayo Warusi huiita grechikha ipandwe tena pale. Wakulima walimwambia kwamba ardhi hiyo haiwezi kuistawisha. Ilipandwa hata hivyo, ikastawi, ikachanua, na ndiyo unayoiona kwenye filamu.

Kuna tukio ndani yake ambalo nakuomba ulitazame kwa makini. Mama, katika miaka ya Stalin, anakimbia kwenye mvua kurudi kazini kwa sababu ameingiwa na hofu kwamba ameacha kosa la uchapaji katika toleo muhimu. Analowa chepechepe, anapita kwenye mashine zinazonguruma, anafunua kurasa na kuzipitia kwa kidole. Hakuna kosa. Anamnong'oneza mwenzake neno alilodhani limepenya, na sisi watazamaji hatulisikii. Baadaye anaingia kuoga, na maji yanakatika. Hakuna askari wala gereza linaloonyeshwa, lakini hofu ya zama zile imekaa yote katika mwendo wa mwanamke mmoja. Mimi kama mama, sijaona mtoto aliyemtazama mzazi wake kwa uangalifu na heshima kama hiyo. Wakubwa waliiona kuwa haieleweki, wakaipangia nakala chache.

Ukitaka upande wa pili wa shilingi, soma habari za "Stalker". Alipiga picha za nje karibu na Tallinn, Estonia, mwaka 1977, kwenye mitambo ya umeme wa maji iliyokuwa imeachwa. Mkanda uliposafishwa maabara ulionekana umeharibika, na sehemu kubwa ya kazi ikapotea. Alimwondoa mpiga picha wake, Georgy Rerberg, uamuzi ambao mimi nauona haukuwa wa haki. Mwaka 1978 alipata mshtuko wa moyo. Lakini mfumo ule ule uliomsumbua ulikubali filamu iandikwe upya kuwa ya sehemu mbili ili fedha na muda vipatikane, na ikapigwa tena. Sijui ni mfadhili gani binafsi angelipia filamu moja mara mbili kwa ajili ya watu watatu wanaotembea kwenye majani na maji. Ilitoka mwaka 1979.

Kisha akaenda Italia kutengeneza "Nostalghia", ambayo mwaka 1983 ilimpatia tuzo Cannes, aliyogawana na mwongozaji Mfaransa Robert Bresson. Humo mtu anajaribu kuvuka bwawa lililokaushwa akiwa na mshumaa unaowaka. Unazimika, anarudi mwanzo, unazimika tena, anarudi, na kamera inamfuata kwa takriban dakika tisa bila kukatwa. Hakuna ofisa aliyemlazimisha kufanya hivyo, wala hakuna aliyemzuia. Ndiyo maana nasema mwendo ule ulikuwa wake.

Julai 1984, mjini Milan, alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba hatarudi nyumbani. Gharama yake ilikuwa kubwa, maana mwanawe mdogo, Andrei, alikuwa amebaki Urusi na bibi yake, na serikali haikumruhusu kutoka. Filamu ya mwisho, "Sadaka", aliipiga Sweden, katika kisiwa cha Gotland, mwaka 1985. Nyumba nzima ilichomwa moto kwa ajili ya tukio moja, kamera ikakwama, na ikabidi ijengwe nyingine na kuchomwa tena. Desemba mwaka huo aligundulika ana saratani ya mapafu, na ni hapo tu, Januari 1986, ndipo mtoto aliporuhusiwa kumfuata. Filamu hiyo ameitunuku kwa mwanawe, kwa matumaini na imani. Alifariki Paris tarehe 29 Desemba 1986, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa Sainte-Geneviève-des-Bois, kwenye makaburi ya Warusi waliohama nchi yao. Mwaka 1990 nchi iliyokuwa imemchelewesha ilimpa Tuzo ya Lenin. Kitendo hicho sina haja ya kukisifu.

Kwa kuwa umesema unataka kuzitazama, nakushauri usianze na "Stalker", ingawa ndiyo inayosifiwa sana na wenzako. Anza na "Utoto wa Ivan", ambayo ina dakika 95 na hadithi iliyonyooka. Kisha nenda kwenye "Andrei Rublev", na usiikatishe kabla ya ile sehemu ya kijana anayetengeneza kengele. Ukifika kwenye "Kioo", itazame mara mbili kabla ya kuniandikia, na uniambie umeonaje mpangilio wake, hasa pale anapohama kutoka rangi kwenda nyeusi na nyeupe.

Akupendaye daima,
Mama yako