Mbwa wangu anaogopa wageni

Swali: Mbwa wangu ana miaka 2, mgeni akigonga geti tu anabweka huku anatetemeka, anakimbilia uvunguni mwa gari, juzi nusura amng'ate shangazi. Nimfanyeje? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Huo sio ukali, ni woga, ukimchapa ndo anaamini kabisa mgeni ni balaa. Mfunge kamba mbali na geti, pale anapomwona mgeni ila bado anakubali kula, kila mgeni akitokea mrushie dagaa, siku zikienda unamsogeza kidogo kidogo. Mgeni asimkodolee macho wala kumwinamia kumshika kichwa, akae zake tu mbwa amfuate mwenyewe. Akianza kupiga miayo na kujilamba midomo, mkia kaubana miguuni, kazidiwa huyo, mtoe. Na akinguruma usimkaripie jamani, hilo ndo onyo lake, ukilizima kesho atang'ata kimyakimya.