Re: Breki zikigoma, dereva ana kosa gani?

Mkuu, umeuliza lori likikata breki mlimani kwa nini polisi bado waandike "uzembe wa dereva". Swali zuri, ila mara nyingi breki hazigomi zenyewe, zinagomeshwa.

Chukua mteremko wa Kitonga, barabara ya Morogoro kwenda Iringa. Lori lenye mzigo likishuka na gia kubwa, au mbaya zaidi gia huru (yaani hakuna gia iliyoingizwa) ili kubana mafuta, injini haishiki gari tena. Kazi yote inabaki kwa breki. Dereva anakanyaga mfululizo, zinapata moto, unasikia harufu ya kuungua, na zikishachemka hazishiki hata ukisimama juu ya pedali. Fundi akizipima kesho yake zimepoa, anaweza kukuta nzima kabisa! Kenya waliliona hilo sana pale Salgaa, njia ya Nakuru kwenda Eldoret, malori yakishuka gia huru.

Kanuni ya wazee wa malori ni kuingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka. Ukishakolea mwendo, gia haikubali kurudi.

Ila nakubaliana nawe kidogo: tajiri, yaani mwenye lori, anayekataa kubadilisha breki zilizoisha, au anayempimia dereva mafuta kwa kijiko, naye yumo kwenye hiyo ajali. Fomu ya polisi haimwoni.

Gari lako ni la aina gani, na ulikuwa gia ya ngapi ulipoanza kushuka?