Maswali ya Wasomaji: Kipepeo Nusu Dume, Nusu Jike

SWALI: Ninafuga vipepeo kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kwa ajili ya kuuza pupa, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kuwa vipepeo. Hivi karibuni alitoka kipepeo wa ajabu kizimbani: mabawa ya kulia ni ya manjano na yana mkia, kama walivyo madume wa aina hiyo, lakini ya kushoto ni meusi yenye mabaka meupe, tena hayana mkia. Mwenzangu anasema ni ugonjwa ulioletwa na dawa za mashambani. Je, ni kweli? Na kipepeo kama huyo anaweza kutaga?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Huo si ugonjwa, na hakuna haja ya kuzisingizia dawa. Kwa maelezo yako, huyo ni Papilio dardanus aliyezaliwa dume upande mmoja na jike upande wa pili, hali ambayo wataalamu huiita jinandromofi. Haikuanza leo: mwaka 1761, mjini Regensburg, Ujerumani, Jacob Christian Schäffer alichapisha maelezo ya nondo wa namna hiyo. Mwaka 2011 alitoka mwingine, wa aina ya Papilio memnon, katika maonyesho ya vipepeo hai ya Jumba la Makumbusho ya Viumbe mjini London, naye hata vipapasio vyake vya kichwani vilipishana urefu.

Sisi binadamu tuna homoni za jinsi zinazozunguka na damu mwili mzima, kwa hiyo upande mmoja hauwezi kwenda njia yake na mwingine yake. Mdudu hana homoni za namna hiyo. Kila seli hufuata kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni, yaani maagizo ya urithi) ilizo nazo yenyewe, bila kujali jirani yake ni nani. Kwa vipepeo na nondo, dume ana kromosomu mbili za Z, na jike ana Z moja na W moja. Ikitokea kwamba yai lililokusudiwa kuwa dume linapoteza Z moja katika mgawanyiko wa kwanza kabisa, basi, kwa aina nyingi, seli zote zitokanazo na upande uliopungukiwa huwa za kike, na mwili hugawanyika katikati kama uliopimwa kwa rula. Ajali ikichelewa, hupati nusu kwa nusu bali vipande vya jike vilivyotawanyika juu ya bawa la dume. Njia nyingine ni yai lenye viini viwili vya seli (si ute wa manjano), kimoja chenye Z na kingine chenye W, ambavyo kila kimoja kimerutubishwa na mbegu yake. Nondo wa hariri ana utaratibu wake: mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kwamba W yake hubeba kitu mahususi kinachoufanya mwili uwe wa kike.

Kinachonivutia zaidi kwa kipepeo wako ni lile bawa la manjano. Majike wengi wa Papilio dardanus wa bara la Afrika huiga sura ya vipepeo wenye sumu, na mabaka meupe uliyoyaona yanamwiga Amauris niavius, ilhali majike wa Madagaska hubaki na manjano na mkia kama madume. Ikiwa kipepeo wako ametokana na kupotea kwa Z, basi pande zake zote mbili zina jeni ileile ya uigaji, ila upande wa kiume umeinyamazia. Kwa maneno mengine, dume wa kawaida hubeba vazi la mamaye maisha yake yote bila kulivaa.

Kuhusu kutaga, mara nyingi hawezi, kwa kuwa viungo vya uzazi navyo huwa vimechanganyika. Mpige picha juu na chini ya mabawa, na akifa mweke mabawa yakiwa yamefumbwa ndani ya karatasi iliyokunjwa pembetatu, ukiandika tarehe na mahali. Bila maandishi hayo thamani yake kwa makumbusho hupungua sana.

SWALI: Huku kwetu Arusha kuna kipepeo ambaye wakati wa mvua ni mwekundu wa machungwa na wakati wa kiangazi ni wa buluu. Je, naye ana kasoro?
Msomaji, Arusha

JIBU: Hana kasoro yoyote. Huyo bila shaka ni Precis octavia, ambaye ana mavazi mawili ya msimu, na kinachoamua zaidi ni joto analokulia kiwavi na pupa: baridi huelekeza kwenye buluu. Kasoro halisi ya rangi hutokea pale pupa anapopata baridi au joto kupita kiasi katika saa zile chache ambazo michoro ya mabawa inapangwa. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa wadudu Max Standfuss alifanya majaribio ya aina hiyo huko Zürich, akapata vipepeo ambao madoa yao yaliungana au kufutika. Kwa kawaida watoto wa vipepeo kama hao hurudia sura ya ukoo, lakini weusi wa kupindukia wa baadhi ya nondo hurithiwa, kwa sababu huo umo katika jeni.