Nimeitwa kumsaili atakayekuwa mkuu wangu

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Mimi ni msimamizi wa zamu katika mapokezi ya hoteli moja huko Paje. Meneja wetu ameondoka, na mkurugenzi amenitaka niingie katika jopo litakalowasaili waombaji watatu wa nafasi yake. Mmoja wao ndiye atakayenipangia kazi. Nachelea kuuliza maswali makali nikaja kuwekewa kinyongo, na kukaa kimya pia naona si uungwana. Nifanyeje?
Msomaji wa kike, Kusini Unguja

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, dada yetu. Hofu yako ina msingi, lakini mkurugenzi hakukuita ujaze kiti. Wenzako katika jopo watamsikia mwombaji akizungumza na wakubwa, jambo ambalo karibu kila mwombaji hulimudu. Wewe ndiye unayejua mapokezi yanavyokuwa usiku, ndege imechelewa, wageni wamefika wamechoka na vyumba havijawa tayari. Kazi yako humo ni kutafuta namna mtu huyu anavyokaa na walio chini yake.

Hilo halijulikani kwa kumuuliza yeye ni kiongozi wa aina gani, kwani jibu lake watu wamekwisha kulihifadhi. Muulize alilolitenda. Aprili na Mei, mvua za masika zinapopunguza wageni na baadhi ya hoteli za mwambao kufunga kabisa, alipangaje likizo za watu wake, na aliwaarifu mapema kiasi gani? Mwezi wa Ramadhani aligawaje zamu ili wanaofunga wapate kufuturu bila ya mapokezi kubaki matupu? Mfanyakazi wake alipokosea hesabu ya mgeni, alimwambia nini, na mbele ya nani? Akijibu kwa ujumla, mwombe kwa upole aeleze tukio moja. Aliyewahi kuongoza kweli hukumbuka tukio, na aghalabu hutaja na kosa lake mwenyewe. Anayetaja makosa ya wengine tu, mimi ningemtilia shaka kubwa.

Ama kinyongo, kinga yako ni usawa. Mwombe mkurugenzi jopo likubaliane maswali mapema na wote watatu waulizwe yale yale, kwani hapo swali gumu huwa la jopo zima. Utaratibu huo una faida nyingine pia: wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter, katika mapitio yao ya mwaka 1998 yaliyokusanya matokeo ya tafiti za miaka 85, walionyesha kuwa usaili wenye maswali yaliyopangwa hubashiri utendaji wa mtu kazini vizuri zaidi kuliko mazungumzo yasiyo na mpango.

Usiulize dini ya mtu, ndoa yake, wala kama kwao ni Pemba au Unguja. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Nam. 11 ya 2005, inakataza ubaguzi katika ajira. Usilete humo madai yako ya mshahara au likizo. Na kwa kuwa visiwa vyetu ni vidogo, yumkini mmoja wao akawa jamaa yako au mliyesoma naye skuli. Ikiwa ni hivyo, mwambie mkurugenzi kabla ya siku ya usaili, naye ndiye aamue kama utaketi.

Mwombaji akitoka, andika alama na sababu zako kabla ya yeyote kusema neno. Nalisisitiza hili kwa sababu mkubwa akitangulia kusema "huyu anafaa", mdogo humwitikia kwa heshima, na lile ulilolisikia wewe hupotea. Ukiwa umeliandika, utalisoma tu. Mkurugenzi anaweza kuchagua mwengine, na hiyo ni haki yake. Alama ulizotoa zibaki kuwa siri ya jopo: meneja mpya asizisikie kwako, wala kwa wenzako wa zamu.